Kabla hajaingia la kwanza: namna ya kumuandaa mwanao bila kumchosha na bila kufilisika

Kila Januari mlangoni kwangu napokea watoto wa aina mbili. Mie ni mwalimu wa awali, shule ya serikali, huku pembezoni mwa Dar, mwaka wa 12 sasa. Wa kwanza anakuja na begi kubwa kuliko mgongo wake, mama yake ananiambia kwa sauti ya juu ili na wazazi wengine wasikie, "mwalimu huyu anajua A mpaka Z, na wani mpaka handredi", na kweli mtoto anaziimba zote bila kupumua. Wa pili kaja na bibi yake, ndala moja imeshikizwa na pini, herufi hajui hata moja, ila nikimuuliza mmekujaje leo ananipa stori nzima, tulipita kwa babu wa gengeni, mbuzi akataka kula kanga ya bibi, bibi akamrushia kokwa la embe, mbuzi akakimbia mpaka kwa fundi cherehani. Wazazi wote pale wanaona wa kwanza ndo yuko mbele. Mie nikiwaangalia najua ikifika Pasaka huyu wa mbuzi atakuwa anasoma silabi na mwenzie bado tunahangaika nae, maana siku ile ile ya kwanza, saa nne haijafika, alishajikojolea. Hakujua kusema "mwalimu naomba kwenda chooni" na kifungo cha kaptula hajawahi kukifungua mwenyewe maisha yake yote.

Kwahiyo naandika hii kwa mzazi mwenye mtoto wa miaka 3, 4 au 5 ambae anajiuliza aanze wapi. Ntaeleza vitu vya kufanya nyumbani, vitu vya kuangalia shuleni, na makosa ambayo mie mwenyewe nimeyafanya na ualimu wangu wote huo.

Kwanza ijue ratiba

Kwa Tanzania Bara, tangu Sera ya Elimu ya 2014, mwaka mmoja wa awali ni lazima. Wazazi wengi bado wanadhani ni hiari, ni kama zawadi ya wenye hela, wanamkalisha mtoto nyumbani alafu Januari moja wanamleta moja kwa moja la kwanza. Sera hiyo ikafanyiwa marekebisho, toleo la 2023, ambapo mtoto anaingia la kwanza akiwa na miaka 6, maana yake awali yake ni akiwa na 5. Na kwenye shule za serikali ada ya awali hakuna tangu Januari 2016. Michango ya uji na mlinzi hiyo mtaelewana kwenye kikao cha wazazi, siwezi kukudanganya. Wenzetu Kenya wao wana miaka miwili kabisa, PP1 na PP2, sisi huku ni mmoja kwahiyo ukiuruka huo umeruka wote.

Chini ya hapo, miaka 2, 3, 4, kuna vituo vya kulelea watoto mchana, hivi tunavyoita dei kea. Hapa watu wanachanganya sana. Kituo cha kulelea watoto kinasajiliwa na watu wa Ustawi wa Jamii, shule ya awali iko chini ya Wizara ya Elimu. Usione aibu kuomba kuona karatasi ya usajili, nyumba ya mtu imepakwa picha za sungura ukutani sio shule. Ukiona mwenye kituo anakujibu kwa hasira, umeshapata jibu lako.

Uandikishaji wa shule za serikali huanza Oktoba huko, usisubiri Januari wakati madawati yameshajaa. Cheti cha kuzaliwa kitafute mapema. Mtoto akiwa chini ya miaka 5 mikoa mingi anaandikishwa na kupewa cheti bure hapo hapo kliniki au ofisi ya kata, akishavuka hapo unaanza safari za kwenda wilayani na kurudi. Yaani kitu cha bure unakifanya kiwe cha nauli.

Mbona haraka yote hiyo, si ni mtoto tu?

Mtoto akifika miaka 5 ubongo wake umeshafikia kama asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Miaka ile tunayosema "bado mdogo huyo, haelewi kitu" ndo miaka anayoelewa kwa kasi kuliko atakavyoelewa tena.

Kuna mfano mmoja huwa naupenda kwasababu uko tofauti na wazazi wanavyofikiria. Marekani, mji wa Ypsilanti jimbo la Michigan, mwaka 1962 walianza kuchukua watoto wa familia maskini, watoto weusi, jumla 123, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja likapelekwa chekechea wakiwa na miaka 3 na 4, jingine halikupelekwa, alafu wakawafuatilia mpaka wamefika miaka 40. Waliopita chekechea wengi zaidi walimaliza sekondari, vipato vyao vikawa vikubwa, waliokamatwa na polisi wakawa wachache. Sasa muulize mtu, unadhani walikuwa wanafundishwa nini pale, atakwambia kusoma na kuandika. Wapi! Mtoto alikuwa anasema leo nataka kucheza hiki, anakicheza, alafu anakaa chini anaeleza alichofanya. Na kila wiki mwalimu anakwenda nyumbani kwa mtoto anakaa na mama yake. Basi. Ukiangalia vizuri ni kuongea, kucheza, na mzazi kushirikishwa, vitu ambavyo havihitaji kompyuta wala kapeti la kijani la plastiki.

Anza na mdomo

Mtoto asiyezoea kuongea anapata shida kusoma, kwasababu kusoma ni kuongea kulikoandikwa. Ukitaka kufanya kitu kimoja tu kwenye makala hii yote fanya hiki: ongea na mtoto, na muache amalize sentensi yake.

Kuongea nae maana yake sio "kaa chini", "acha hiyo", "nenda kanawe". Hizo ni amri na watoto wengi wa mjini ndo lugha pekee wanayosikia kutoka asubuhi mpaka usiku, tunarudi tumechoka, foleni, mvua, tunawaambia nyamazeni nasikiliza habari. Sikulaumu, nami niko huko huko. Ila unaweza kuongea ukiwa unafanya kazi. Unakatakata nyanya, mwambie hii imeiva hii bado, hii ina kidonda tuitoe, hii ngumu hii laini, unadhani ndani kuna nini? Ukienda nae gengeni muache yeye ndo aseme "shikamoo, naomba vitunguu vya mia tano". Atakosea, atanong'ona, muuzaji atacheka, mara ya tatu atasema kama diwani.

Usiku vitendawili. Kitendawili, tega. Nyumba yangu haina mlango. Atasema choo, atasema gari, atasema kaburi (mwanangu alisema kaburi, nikanyamaza kidogo), mwisho anakupa mji, unampa safari ya uongo, unamwambia yai. Kesho yake atakutegea wewe vya kwake ambavyo havina maana kabisa, "kitu changu kiko pale alafu hakipo", jifanye umeshindwa. Hadithi za sungura na fisi nazo usimwachie bibi peke yake. Ukishasimulia mara tatu, ya nne mwambie leo zamu yako. Kile anachoruka na kile anachoongeza ndo utajua kichwa chake kinafanyaje kazi.

Kuhusu lugha, maana naulizwa sana: kama nyumbani mnaongea Kisukuma au Kinyakyusa au Kimakonde endeleeni nacho, msikiache kwa sababu ya shule. Mtoto mwenye lugha moja iliyoshiba anapokea ya pili vizuri. Anaepata shida ni yule mwenye vipande vipande, Kiswahili cha kuamrishwa, Kiingereza cha katuni, na hakuna hata lugha moja anayoweza kukuelezea nani kampiga na kwanini.

Mikono kabla ya penseli

Hapa ndo nilipokosea na mwanangu wa kwanza. Nilimpeleka shule moja ya kulipia, siitaji jina, akiwa na miaka miwili na nusu. Kwa nje ilikuwa nzuri, geti, gari la njano. Akawa anarudi na homuweki ya kuandika herufi a ukurasa mzima. Miaka miwili na nusu! Vidole vya umri huo mifupa yenyewe bado laini, mtoto anashika penseli kwa ngumi kama anataka kuchoma mtu, anaandika a imelala, imegeuka, imetoka nje ya mstari, mwalimu anaweka kosa jekundu, na mie mama mtu, mwalimu kwa kusomea, namkalisha saa mbili usiku anarudia huku analia. Ikafika mahali kila Jumapili jioni anaumwa tumbo. Nikazunguka hospitali, mkojo safi, choo safi, malaria hamna. Siku moja dada wa nyumbani akaniambia taratibu, "mama, hujaona hilo tumbo linapona Ijumaa?" Nilikaa chini. Wiki ile ile nikamtoa.

Kwahiyo penseli isubiri. Kabla yake mikono inataka kazi, na nyumbani kazi zimejaa. Mpe ungo achambue mchele, kokoto huku, chuya huku. Mpe karanga amenye, ale nusu ni sawa. Ukikanda unga wa chapati mkatie donge lake achafue anavyotaka, atatengeneza nyoka na baadae kumbe ndo anajifunza kuviringisha herufi o. Afue soksi zake na kuzikamua, ule mkono unaokamua soksi ndo utakaoshika penseli saa nzima bila kuchoka. Mdako, ule wa kurusha kokoto moja juu na kuokota nyingine chini, ni darasa tosha, jicho na kidole vinajifunza kusikilizana. Mchangani achore kwa kidole au kijiti, mstari uliosimama, uliolala, duara, mawimbi. Akifika kwangu akiwa anaweza duara na mstari, herufi nitamalizia mwenyewe, ndo kazi niliyoajiriwa.

Akitumia mkono wa kushoto muache. Sisi watu wa pwani tunasumbuana sana kwenye hili, mkono wa kula tumfundishe wa kulia sawa, ila wa kuandika usimfunge kitambaa wala kumchapa, utampotezea mwaka mzima bure.

Sauti, sio majina ya herufi

Kiswahili bahati yetu kinaandikwa kama kinavyotamkwa, mtoto akishajua sauti na kuziunganisha ameshasoma. Tatizo wazazi mnafundisha majina. Mwaka juzi nilikuwa na kijana mmoja, kaja anajua herufi zote kwa Kiingereza, nikaandika kadi ya neno MEZA na picha yake pembeni nimeificha. Akasoma herufi moja moja, "em, ii, zedi, ei". Nikamwambia vizuri, sasa unganisha. Akakaza macho, akavuta pumzi, akasema "emizedei". Darasa likaangua kicheko, na yeye akacheka lakini machozi yako karibu. Hakukosea chochote yule mtoto, aliunganisha kile kile alichofundishwa.

Ukiwa nyumbani herufi M iite "mmm", midomo imefungwa, kama umeonja kitu kitamu. S ni "sss" ya nyoka. Usiongeze irabu mwishoni. Anza na a, e, i, o, u mpaka ziwe kama jina lake, alafu chukua sauti zinazovutika, m, n, s, l, hizi ni rahisi kuunganisha, mmm-a, ma. Zile za kupasuka kama b, k, t ziachie baadae. Na kabla hata ya kumuonyesha herufi yoyote cheza nae kwa masikio tu: mko kwenye daladala, "naona kitu kinaanza na mmm", anatafuta, mti, mama, mkate, mzee. Mtu wa siti ya mbele atageuka kukuangalia, poa tu. Mtoto anaesikia kwamba "mama" na "mti" vinaanza sawa ameshamaliza nusu ya kazi na hajagusa daftari.

Hesabu ya vizibo

Kuimba moja mpaka mia sio kuhesabu. Mwambie mtoto anaeimba mpaka mia "niletee vizibo vitatu", wengi wanakuletea kopo zima. Okota vizibo vya soda, vioshe, hivyo ndo vifaa vyako vya mwaka mzima. Anagusa kimoja, anasema moja, anakisogeza. Asiposogeza atahesabu kimoja mara mbili. Akifika tano muulize viko vingapi? Kama anaanza kuhesabu upya, bado hajaelewa kwamba ile namba ya mwisho ndo idadi ya vyote, endelea taratibu, usimkaripie. Wakati wa chakula muulize tuko wangapi leo, kalete sahani za kutosha. Akileta pungufu usimwambie, gawa tu mpaka ufike kwake akose, atajijua mwenyewe. Huo ni mtihani mtamu kuliko wowote wa kwenye karatasi.

Mambo madogo ambayo mwalimu atakushukuru

Haya napita haraka. Ajue jina lake kamili, sio "Bebi" au "Junia", nina majunia wanne. Ajue jina la mzazi na mtaa anaokaa. Aweze kwenda chooni, kujisafisha na kunawa, na kwakuwa vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa mzoeshe kuchuchumaa kama nyumbani mna cha kukaa, nimeona watoto wanabana mkojo mpaka saa sita kwa kuogopa shimo. Nguo za shule za mwanzo ziwe za lastiki. Aweze kunywa uji kwenye kikombe bila mtu kumshikia. Aweze kusubiri zamu, hii anajifunza kwenye rede na kombolela na ndugu zake, mtoto wa peke yake mtafutie wenzie wa jirani. Na masikio yake uyapime kwa kumuita jina kwa kunong'ona ukiwa nyuma yake, kuna watoto wanaitwa wabishi kumbe hawasikii, mmoja nilimkalisha nyuma miezi mitatu mpaka leo najisikia vibaya.

Simu, nusu saa mkiwa wote sio mbaya. Kumpa simu ili akae kimya muda wote unapika ndo inaua ule mdomo tuliouongelea juu.

Kuchagua shule

Usiende siku waliyokualika, nenda siku ya kawaida, kama saa nne hivi asubuhi, bila taarifa. Simama nje ya darasa dakika tano kabla hujajitambulisha, usikilize. Kama unasikia sauti ya mwalimu tu na baadae watoto wote wanaitikia kwa pamoja kama kwaya, na ni hivyo dakika zote tano, hapo ni kukariri. Kama unasikia fujo kidogo, mtoto anabisha, mwingine anacheka, mwalimu anauliza "kwanini unasema hivyo?", hapo pana kitu. Kimya kabisa kwenye chumba cha watoto wa miaka 5 mie hunitisha, huwa naangalia fimbo iko wapi.

Kisha omba kwenda chooni. Yaani kwenye choo cha watoto, sio cha walimu. Maji yapo? Sabuni? Shimo linamtosha mtoto au anaweza kutumbukia? Alafu uwanja, kuna kivuli, kuna mahali pa kukimbia au ni sementi yote mpaka kwenye ukuta? Hesabu watoto. Kiwango kinachotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Darasa langu linazidi hapo, linazidi sana, serikalini mnajua hali ilivyo, natumia makundi na watoto wenyewe kufundishana na wasaidizi wa kujitolea nikiwapata. Ila wewe unaelipa ada, ukikuta mmoja kwa 50, unalipia nini sasa?

Gari la shule nalo liulize linaanza kuzunguka saa ngapi. Kuna mtoto anachukuliwa saa kumi na moja alfajiri kwasababu yeye ndo wa kwanza kwenye ruti, anafika shule saa moja na nusu amelala, anarudishwa saa kumi jioni. Miaka 4. Bora ya mtaani unayotembea nae dakika kumi mkiongea njiani, kuliko jina kubwa la upande wa pili wa jiji.

Kiingereza? Nitasema ninavyoona, usipokubali sawa. Kama shule ni ya Kiingereza na mwalimu anakiongea vizuri, anaimba nacho, anacheza nacho, mtoto atakipata. Kama mwalimu mwenyewe anakivunja na anamchapa mtoto kwa kuongea Kiswahili, mtoto wako anajifunza kunyamaza, na kunyamaza huko kunakuja kuonekana vizuri darasa la tatu.

Na mahafali! Joho, kofia, mpiga picha, keki, MC, mchango wa laki na kitu kwa mtoto anaetoka chekechea kwenda la kwanza. Wenye nazo fanyeni, ni furaha. Ila kama hela ya joho ndo ile ile ya vitabu vya picha, mie ningenunua vitabu alafu nimpige picha na kanga ya bibi yake.

Kama shule iko mbali au hela hamna

Kuna sehemu awali iko kilomita tano, mtoto wa miaka 5 hawezi kutembea hizo peke yake. Hapo msikae mkisubiri. Zanzibar walikuwa na Tucheze Tujifunze, vipindi vya redio, watoto wanakusanyika sehemu ya jirani na mtu mzima mmoja wa pale pale mtaani anawaongoza, redio inasema ruka, wanaruka, inasema tafuta majani mawili, wanatafuta. Mombasa miaka ya 1980 Bi Swafiya Said alianza na madrasa, mahali ambapo watoto wameshazoea kwenda na wazazi wameshapaamini, wakaweka masomo ya chekechea ndani yake, vifaa wakatengeneza kwa vifuu, makopo na mabaki ya vitambaa, baadae ikaenda Zanzibar na Uganda. Hayo yote yalianza na mkeka na mtu mmoja mvumilivu.

Nyinyi wazazi wanne, watano mnaweza kupeana zamu, kila mmoja asubuhi moja kwa wiki, chini ya mwembe. Ratiba yenyewe: wafike, wanawe, waimbe mchezo mmoja wa kuzunguka kama ukuti, hadithi moja, kazi ya mikono, uji, wacheze wenyewe, waelezane walichocheza, waende nyumbani. Masaa matatu yanatosha. Msijifanye walimu wa ubao. Mjulisheni tu mwenyekiti wa mtaa au kijiji ajue watoto wako pale, na msizidishe idadi, siku mkiona imekuwa kituo kamili basi nendeni Ustawi wa Jamii mkafuate taratibu.

Wiki ya kwanza getini

Wiki moja kabla mpitishe pale shuleni aone mlango, mti, bomba. Mwambie ukweli, nitakuacha getini, kutakuwa na watoto wengi, mwalimu anaitwa fulani. Usimtishie kwa mwalimu, hii "subiri uende shule utakiona" mnatuharibia sana, mtoto anafika kwangu ananiangalia kama askari.

Siku yenyewe usitoroke. Wazazi wengi wanasubiri mtoto ageuke waseme "nimepona", wanachomoka. Akigeuka hakuoni, atalia wiki nzima na kesho hatakuachia hata kanga. Muage, akilia muage hivyo hivyo, mwambie utarudi lini kwa lugha anayoijua, saa sita yeye haijui, mwambie "mkishakunywa uji, mkicheza, mkiimba, mie niko hapa". Alafu uwepo kweli. Sio dakika ishirini baadae.

Yule bibi wa mbuzi alinifundisha kitu ambacho chuo hawakunifundisha. Mjukuu alipoanza kumng'ang'ania akatoa mfukoni funguo ya nyumba, ile ya kufuli kubwa, akamfungia kwenye kamba ya ndala iliyokatika, akamvisha shingoni. Akamwambia, "Hii ndo funguo ya kwetu, mie bila wewe siingii ndani, kwahiyo lazima nije nikufuate." Akaondoka, na kweli hakwenda nyumbani, alikwenda kukaa gengeni kwa yule babu mpaka muda ukafika. Mtoto alicheza siku nzima, kila baada ya muda anagusa kifuani kuhakikisha ipo, na uji ulipoisha alikuwa wa kwanza kutoka, anakimbia kuelekea getini funguo kaishika juu.